Moto Usioonekana kwenye Ramani: Kisa cha Ajira Moja ya Utafiti wa Misitu

Tangazo la kazi lilikuwa la ukurasa mmoja. Shirika lenye ofisi Mombasa, ambalo sina haja ya kulitaja, lilitafuta afisa mmoja wa utafiti wa jamii kwa mradi wa mwaka mmoja kuhusu moto wa msituni na vijiji vinavyopakana na msitu wa Shimba Hills. Mwombaji alitakiwa awe na shahada ya sosholojia, jiografia au misitu, ajue kuchora ramani kwa kompyuta, awe amewahi kukusanya data kwa kishikwambi, na awe tayari kukaa Kwale siku za kazi. Mstari wa mwisho kabisa ulisema anayejua Kidigo au Kiduruma ataongezewa alama. Maombi yalimiminika, kama yanavyomiminika kwa tangazo lolote la Pwani lenye mshahara wa mwezi, na baada ya mchujo wakabaki wawili.

Mmoja alikuwa kijana aliyesomea jiografia, hodari wa picha za setilaiti; ukimpa kompyuta na nusu siku anakutolea ramani unayoweza kuitundika ukutani. Mwenzake alikuwa binti wa Likoni mwenye shahada ya sosholojia, mama yake Mdigo, na wasifu uliojaa vibarua: karani wa sensa ya 2019, msaili wa utafiti wa lishe, mtafsiri wa mahojiano ya watu wengine. Jopo likamchukua kijana. Mfadhili alitaka ramani ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na kijana alikuwa na ramani mkononi. Kwa kigezo hicho uamuzi haukuwa wa ajabu, na sikusudii kumbebesha yeye lawama. Kazi aliyopewa aliifanya vizuri. Tatizo lilikuwa kazi yenyewe ilivyopangwa.

Msomaji anaweza kuuliza mwanasosholojia anatafuta nini kwenye moto wa msitu. Kazi hizi zimekuzwa zaidi Marekani na Australia, na zimekuzwa na vifo. Tarehe 7 Februari 2009 moto uliua watu 173 katika jimbo la Victoria, Australia, na wengi wao walifia majumbani. Sera ya wakati ule iliwaachia wenyeji wachague: ujitayarishe ubaki kuitetea nyumba yako, au uondoke mapema. Baada ya mazishi wataalamu wa nyasi na upepo walikuwa na majibu yao, lakini swali zito lilikuwa jingine: mtu aliyejua moto unakuja alingoja nini? Novemba 2018 mji wa Paradise huko California ukateketea, wakafa watu 85, wengi wao wazee. Mji huo ulikuwa na mpango wa kuhamisha watu eneo kwa eneo. Siku ilipofika, barabara zilijaa magari na wakazi wengi hawakupata tahadhari yoyote. Marekani ina sheria ya 2003 inayohimiza miji iliyo kando ya misitu iandike mipango yake ya kujikinga na moto, na mpango wa namna hiyo hauandikiki bila mtu anayejua kukaa na watu akawauliza, akawasikiliza. Ndiyo maana idara yao ya misitu huajiri wanasosholojia na wachumi sambamba na wataalamu wa miti.

Hojaji ya mradi wetu ilikuwa imeazimwa kutoka huko, karibu ilivyo. Je, una bima ya nyumba? Kichaka kilicho karibu kiko mita ngapi kutoka ukutani? Ukiambiwa uhame, utatumia gari lako au la jirani? Haya yaliulizwa kwenye nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, ambako kitu cha kwanza kuulizwa kingekuwa hayo makuti, maana cheche moja iliyobebwa na upepo ikitua juu yake hakuna wa kuiwahi. Hojaji nzima haikuwa na neno makuti.

Shimba Hills nayo ina mambo yake. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ni safari fupi kutoka Mombasa ukishavuka Likoni, na ndiko peke yake nchini Kenya waliko palahala wa porini, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda. Chemchemi za Marere zilizo huko huleta maji Mombasa, kwa hiyo hata mtu wa Majengo asiyewahi kumwona ndovu ana haki ya kuuliza msitu ule unaendeleaje. Pembeni mwa hifadhi kuna mashamba ya mahindi, muhogo, minazi na mikorosho. Msimu wa moto wa mashamba unafuata pepo: kaskazi inakausha kila kitu kuanzia Desemba, na kuelekea Machi watu wanafyeka na kuchoma ili mvua za masika zikute udongo tayari. Wapo pia wachoma makaa, na warina asali wanaotumia moshi. Kuna hata moto wa hifadhi yenyewe: wasimamizi wamewahi kuchoma nyasi kwa makusudi ili zichipue upya kwa ajili ya palahala, na wanakijiji wanalijua hilo vizuri sana.

Sasa data. Kijana alichukua kumbukumbu za joto zinazotolewa bure na NASA, zile za VIIRS, chombo cha kupima joto kinachobebwa na setilaiti, ambamo kila alama ni mraba wa mita 375, akazipanga kwa miezi. Februari na Machi ramani ilijaa vidoa vyekundu kandokando ya mpaka wa hifadhi. Wakati huohuo wasaili wake walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba na hojaji. Swali la kumi na tano lilikuwa hili: "Katika miezi 12 iliyopita, wewe au mtu yeyote wa nyumba hii amewasha moto shambani au karibu na msitu?"

Hapana. Hapana. Hapana. Fomu baada ya fomu, kijiji baada ya kijiji.

Rasimu ya ripoti ikaandikwa kwa kuunganisha vitu viwili hivi: moto upo, watu wanakana, kwa hiyo jamii haina uelewa wa madhara ya moto, na pendekezo ni kampeni ya uhamasisho. Fulana zilishatajwa kwenye bajeti. (Sijui ni msitu gani duniani uliowahi kuokolewa na fulana, lakini hazikosekani kwenye bajeti yoyote ya mazingira niliyoisoma.) Hapo ndipo nilipoombwa niipitie data kabla rasimu haijaenda kwa mfadhili.

Sikuanza na majibu, nilianza na ukurasa wa kwanza wa fomu. Fomu ilianza kwa jina la mhojiwa, ikafuata namba ya simu, kisha programu ikachukua yenyewe mahali nyumba ilipo, kwa usahihi wa hatua chache. Msaili alifika akiongozana na mzee wa kijiji, kwa sababu kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kilipopelekwa kwa chifu, chifu kwa wema wake akatoa mtu wa kuwasindikiza. Sasa jiweke mahali pa mwenye nyumba. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto kwenye msitu wa umma bila ruhusa, na adhabu yake ni faini au kifungo. Ipo pia sheria ya zamani ya moto wa nyasi, sura ya 327, inayodhibiti uchomaji wa majani na vichaka. Amekuja mgeni mwenye beji, amesindikizwa na mtu wa chifu, ameshaandika jina lako, simu yako na mahali unapolala, halafu anakuuliza kama umewasha moto. Swali hilo halina tofauti na la askari anayeandika maelezo. Mwenye akili timamu ana jibu moja tu.

Kwa hiyo zile "hapana" zote zilikuwa data nzuri kabisa, ila ya swali jingine. Zilipima jinsi watu wanavyouelewa uzito wa sheria, na zilionyesha wanauelewa barabara. Kuzigeuza kuwa ushahidi wa ujinga ni kumwonea mtu mara mbili.

Nikapendekeza aitwe yule binti wa Likoni. Shirika likamwita kwa mkataba wa wiki chache, malipo ya siku na nauli. Hakuwa na cheo. Kwenye karatasi aliitwa msaidizi wa utafiti. Nimesoma daftari lake ukurasa kwa ukurasa, na nitaeleza alichokifanya kwa sababu ndani yake mna kazi yote ya mwanasayansi wa jamii kwenye moto, ile ambayo tangazo halikuijua jina.

La kwanza, alizima uchukuaji wa mahali kwenye kishikwambi. Akaandika jina la kijiji basi. La pili, alikwenda kwa chifu peke yake, akaonyesha kibali, akashukuru, na kwa adabu akaomba asisindikizwe, akisema atakaa kwa shangazi yake upande wa Mkongani na hatapotea. Chifu akacheka. La tatu, hakuuliza habari ya moto.

Kwa mzee mmoja, ambaye shamba lake linagusa mpaka, daftari linaonyesha mazungumzo yalianza hivi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

Akajitambulisha kwa upande wa mama. Yakapita maswali ya ukoo, ya msiba wa mwaka uliopita, ya bei ya korosho. Akapewa dafu. Ndipo akauliza: "Babu, mikorosho ya jirani hapa mpakani imebabuka magome. Yako mbona haina hata alama?"

Mzee akasimama, akamchukua kumwonyesha.

Kilichofuata kimejaa kurasa kadhaa. Majani yaliyodondoka chini ya mikorosho hufagiliwa wiki nzima kabla, si siku ileile. Pembeni ya shamba hulimwa ukanda wa udongo mtupu, upana wa hatua za mtu mzima tano au sita, na upande wa msitu zaidi. Majirani huambiwa, na wenye shamba linalopakana huja na mapanga, matawi mabichi ya kupigia moto na madebe ya maji. Moto hauwashwi upande unakotoka upepo. Huwashwa upande wa chini, utembee kinyume cha upepo, polepole, ukila ulichoachiwa tu. Na hauwashwi mchana. Kaskazi hupiga kwa nguvu tangu asubuhi ikipanda mpaka alasiri, basi hungojwa utulie, yapata saa kumi na moja jioni. Giza likiingia moto umekwisha. Usiku mtu hulala palepale akilinda visiki, kwa sababu kisiki kinaweza kukaa na makaa ndani siku mbili, kisha upepo wa asubuhi ukakiamsha.

Binti aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "saa 11 jioni — muulize wa ramani." Alipomuuliza, chumba kizima kilinyamaza, naambiwa, maana kijana alilijua jibu lakini hakuwahi kuliweka kando ya swali hilo. Setilaiti zenye VIIRS hupita juu ya sehemu hizi mara mbili kwa siku, yapata saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto wa mzee huwashwa setilaiti imeshapita, na inapopita tena usiku limebaki joto la visiki, ambalo mara nyingi halitoshi kuonekana kutoka juu. Moto wake haumo kwenye ramani. Haujawahi kuwemo, na kwa maelezo yake anachoma tangu ujana.

Kilichokuwa kwenye ramani, basi, ni moto wa nani? Hili liliwachukua siku nyingi zaidi, na hapa wawili hawa wakafanya kazi pamoja kama walivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Kijana alitoa tarehe za vidoa vilivyokaribia mpaka, binti akazipeleka kijijini kama kumbukumbu za siku tu: siku ile kulipotokea nini? Watu wanazikumbuka siku za moto uliotoroka kuliko wanavyokumbuka tarehe za kuzaliwa watoto wao, mradi usiwaulize nani aliwasha. Wakazitaja kwa misiba, kwa harusi, kwa Ijumaa fulani waliyokatisha kwenda msikitini. Na jambo likajirudia katika kijiji hicho: moto uliotoroka mara nyingi ulitoka kwenye mashamba ambayo wenyewe hawaishi pale. Wako Mombasa. Mwenye shamba hutuma pesa kwa simu, kibarua hulipwa kwa kipande, na kibarua anayelipwa kwa kipande hana sababu ya kungoja saa kumi na moja wala kulala na visiki. Anawasha saa sita ili amalize awahi kurudi kwao. Majirani hawaitwi, maana wa kuwaita hayupo, na kibarua anaogopa kugawana ujira. Saa saba na nusu setilaiti inapita, moto uko katikati ya upepo, na kidoa kinaingia kwenye ramani.

Kwa ufupi, ramani ilikuwa imerekodi moto wa walioshindwa, halafu ripoti ikataka kuwafundisha walioweza. Ustahimilivu wa jamii dhidi ya moto, ambao ndio ulioandikwa kwenye jina la mradi, ulikuwa tayari upo upande usio na vidoa: kwenye ule ukanda wa udongo, kwenye saa ya kuwasha, kwenye kuitana. Na ulikuwa unapungua kwa sababu vijana wa kuitwa wako mjini kwenye bodaboda.

Ingekuwa raha kusema shirika lilipokea matokeo kwa mikono miwili. Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu. Hoja iliyotolewa ni kwamba mazungumzo na watu wachache hayahesabiki, wakati fomu zilikuwa nyingi. Hoja hiyo ina haki yake kiasi: kijiji kimoja hakiwezi kusemea Kwale nzima, na binti mwenyewe aliandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo yake. Lakini wingi wa fomu zilizouliza swali lisilojibika hauongezi chochote. Ukizidisha sifuri kwa mia bado ni sifuri. Mwisho walikubaliana kuligeuza swali: badala ya kuuliza kama mtu amewasha moto, waulize shamba linaandaliwa vipi kabla ya masika, nani huitwa, kazi huanza saa ngapi, na mwenye shamba anaishi wapi. Jina na simu vikatolewa kwenye fomu, mahali pakabaki jina la kijiji. Hata bila ubinadamu, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inatosha kudai hayo: huna sababu ya kukusanya alama za nyumba ya mtu pamoja na kauli inayoweza kumfikisha kortini, halafu ukazihifadhi kwenye kompyuta ya ofisi ambayo kila mwenye nywila anaifungua.

Mapendekezo nayo yakabadilika. Kampeni ya fulana ikaondoka. Ikaingia rai kwamba chama cha jamii cha msitu, ambacho sheria ya 2016 inakitambua kama mshirika katika kusimamia msitu, kiwe na orodha ya siku za kuchoma, na kwamba mwenye shamba aliyeko mjini alipe pia ujira wa wawili wa kulinda visiki usiku. Fedha hiyo si nyingi ukilinganisha na mikorosho ya jirani iliyoungua.

Upande wa ajira ndio ulionikera mpaka leo. Wale wasaili wa mwanzo walikuwa wakilipwa kwa fomu. Anayelipwa kwa fomu, mwenye nyumba akimwambia "rudi kesho nikiwa nimetulia," amepoteza pesa. Basi anajaza haraka, anasonga. Ni kibarua cha kipande kilekile, kimebadilishwa shamba tu. Mashirika yanayolalamika kwamba data ya Pwani haina kina yaanze kwa kuangalia yanalipa nini. Na mtu aliyetoa jambo kubwa kuliko yote katika mradi huu alikuwa analipwa kwa siku, bila bima, bila jina kwenye jalada la rasimu.

Ilipokuja awamu ya pili binti aliomba mambo matatu kabla ya kutia sahihi: malipo ya siku kwa wasaili wote badala ya malipo ya fomu, jina lake liandikwe miongoni mwa waandishi wa ripoti, na yeye awe na mkataba wa mwezi sawa na wa afisa wa ramani. Mawili ya kwanza alipewa. La tatu aliambiwa bajeti hairuhusu, na akasaini hivyo hivyo, kwa sababu kodi ya nyumba Likoni haingoji. Tangazo la awamu hiyo limeshatoka. Safari hii Kidigo na Kiduruma vimepanda mpaka mstari wa pili, na mshahara wa nafasi hiyo bado umeandikwa kwa siku.